Mji wa Kusikia

Ni nani awezaye kudai kwamba anaujua mji ambao hajapata kulala ndani yake hata usiku mmoja? Watu wa mwambao, waliozoea kuagana na wasafiri, wameishi na swali hili karne nyingi. Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini walikabiliana nalo kwa uzito wa pekee kuanzia mwaka 1916, walipoanza kuhamia Chicago kwa maelfu.

Wengi waliujua mji huo kwa njia ya gazeti. Chicago Defender lilianzishwa mwaka 1905 na Robert Abbott, mzaliwa wa kisiwa cha St. Simons katika jimbo la Georgia. Wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala walilifikisha hadi Mississippi, nako likasomwa kwa sauti makanisani na kwa vinyozi, ili asiyejua kusoma naye apate fungu lake. Ndani yake mlikuwa na matangazo ya kazi za kaskazini, na kando yake habari za watu weusi waliouawa kusini na makundi yasiyongoja hukumu. Magazeti ya wazungu wa kusini yalipotisha kwamba baridi ya kaskazini huua, Defender lilijibu kwa kuchapisha habari za weusi waliokufa kwa baridi huko huko kusini.

Jibu hilo lilikuwa la werevu, lakini halikumweleza msomaji baridi ya Chicago ikoje. Aliambiwa tu kwamba hata kwao mtu hufa. Ndivyo mji wote ulivyochorwa: kwa kinyume cha kule alikokuwa msomaji. Kule mwenye shamba humpunja mkulima mavuno yake; huku kuna mshahara wa viwanda vya nyama. Kule shule ya mtoto ni kibanda; huku ni jengo. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake, ila kinyume cha Mississippi si Chicago. Mji una sura yake wenyewe: vyumba vya South Side vilivyosongamana kwa kodi kubwa, na mabomu yaliyotupiwa nyumba za weusi waliothubutu kupanga nje ya mtaa waliotengewa. Mwezi Julai 1919 kijana mweusi, Eugene Williams, alizama katika Ziwa Michigan baada ya kurushiwa mawe, kwa kuwa alikuwa ameelea hadi upande wa wazungu. Mapigano yaliyofuata yaliua watu 38, na 23 kati yao walikuwa weusi.

Je, Abbott aliwahadaa watu wake? Neno hilo ni kali mno kwa mtu aliyewaonyesha mlango waliokuwa wakiutafuta. Hata hivyo, mwenye kuita hudaiwa zaidi ya mwenye kusimulia. Deni hilo lililipwa vizuri zaidi na barua za waliotangulia, zilizowafikia jamaa na waumini wenzao zikitaja mshahara na bei ya chakula, shule na baridi, pamoja na ile nafuu ya kutolazimika kumwamkia kila mzungu kwa unyenyekevu.

Mwaka 1910 weusi wa Chicago walikuwa kiasi cha 44,000. Mwaka 1920 walipita 109,000. Baada ya mapigano treni za kusini ziliendelea kushusha watu, ambao safari hii waliweza kuzisoma habari za damu ile katika gazeti lile lile.