Naweza "kumanifesti" mambo matano kwa mpigo?



Ukiingia TikTok dakika kumi tu, hukosi kukutana na mtu anayefundisha kumanifesti. Chagua unachotaka, kiandike mara tatu asubuhi, mara sita mchana, mara tisa usiku. Jione tayari unacho, na ulimwengu utakuletea. Halafu linafuata swali ambalo hata wenzetu wa VIWAWA wanauliza, nusu utani, nusu kweli: naweza kutaka kazi, mchumba, kiwanja na viza kwa pamoja, au nianze na kimoja? Walimu wa mambo haya hujibu kwamba ulimwengu hauna kikomo, wewe taka vyote.

Fundisho lenyewe si jipya. Kitabu cha Rhonda Byrne, The Secret, cha mwaka 2006, kililisambaza sana, ila mizizi yake iko Marekani ya karne ya 19.

Tusianze kwa kubeza. Kutaka si dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama inafaa kuomba vitu vya dunia katika sala, akajibu inafaa, mradi tuviombe kama msaada wa safari na si kama mwisho wa safari. Kwa hiyo kama orodha yako ina mambo matano, ipeleke mbele ya Sakramenti bila aibu.

Lakini Tomaso huyohuyo aliuliza pia: mtu mmoja anaweza kuwa na malengo ya mwisho mengi kwa wakati mmoja? Akasema haiwezekani. Matakwa yanaweza kuwa mia, ila linaloyapanga mengine ni moja tu. Mchukulie dada mmoja wa Mwanza. Anataka ajira Dar es Salaam, anataka kuolewa na kijana aliyeko Bukoba, na anataka kumuuguza mama yake nyumbani. Yote matatu ni mema, ila yeye ni mmoja. Siku barua ya ajira ikifika, itabidi ajue lipi linabeba mengine. Daftari lake halimsaidii hapo, maana kazi yake ni kukuza kila hamu peke yake, si kuzikutanisha zizungumze. Tena linamkataza kusita, eti kusita ni nishati hasi. Jamani, mara nyingi dhamiri hupata nafasi ya kusema pale pale tunaposita!

Kuna jambo linaniudhi zaidi, niseme tu. Watu wanaandika jina la kijana au binti fulani kila usiku ili ampende mwandishi. Je, hiari ya huyo mtu iko wapi? Jirani akitumia limbwata tunamkimbilia padre. Sisi tukitumia kalamu ya rangi tunaita kujiamini.

Na fundisho hili lina upande wa pili ambao hausemwi kwenye video. Kama mawazo mazuri ndiyo yanayoleta mema, basi mama aliyegundulika na saratani ameivuta mwenyewe. Kijana anayeamini hivyo atakaa vipi kando ya kitanda cha mama yake? Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, nani alikosa, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe.

Hata wanasaikolojia wameona shida. Gabriele Oettingen na mwenzake waliwafuatilia wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozama zaidi katika ndoto tamu za kazi walituma maombi machache na kupata nafasi chache. Ni kama moyo ulikwisha kula, ukashiba, miguu ikakataa kutoka.

Sala inaanza mahali palepale, kwenye hamu. Kule Gethsemane Yesu alisema wazi anachotaka: kikombe kimwepuke. Hakujifanya hataki. Ila alikuwa anazungumza na Baba, na Baba anaweza kusema hapana. Ulimwengu hauwezi kukukatalia kitu kwa kukupenda, kwa kuwa haukujui.

Jaribu wiki hii. Andika yale matano, mara moja inatosha. Mbele ya kila moja andika nani atalipa gharama ukilipata. Kisha mpelekee paroko au mlezi wako wa kiroho, umwachie akuulize maswali.