Ulichokipenda Udogoni

Ndugu yangu msomaji, nina swali moja kwako kabla sijakuhadithia chochote, nami nakuomba ulijibu moyoni mwako, si mbele za watu. Kile ulichokipenda mno ulipokuwa mtoto wa miaka kumi, ukakifanyia hila mpaka ukakipata, leo ukikikumbuka huona haya au hutabasamu? Na ikiwa hutabasamu, basi una haki gani ya kumkunjia uso mwanao anapokipenda cha kwake?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Lilinijia hapa Daudi, na lilinijia kwa kosa langu mwenyewe.

Wengi katika nyinyi mlioko Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja hamuijui Daudi. Ni kata katika wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya juu na ya baridi, ambako mtu wa pwani huvaa koti juu ya kanzu na bado meno yakagongana. Wenyeji wake ni Wairaqw, na lugha yao si ya jamii ya Kibantu hata kidogo, kwa hiyo mtoto wa hapa hujifunza Kiswahili kama mgeni, kisha akija chuoni kwangu namwongezea alifu na bee. Waislamu huku ni wachache, na chuo changu ni kidogo. Mwanafunzi mmoja akikosekana, pengo huonekana.

Basi katika wanafunzi wangu alikuwamo kijana wa miaka kumi na miwili, yatima wa baba, aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Siku moja nilikuwa nasahihisha daftari lake la imla, nikakuta kurasa za nyuma zimejaa picha: mvulana mwenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu, kitambaa chenye alama ya jani kimefungwa kwenye paji la uso, na mashavuni mistari mitatu mitatu kama sharubu za paka. Nikamwuliza, "Nini hiki?" Akasema, "Ni Naruto, Maalim." Nikalichana daftari mbele ya wenzake. Sikuuliza la pili. Nikayatoa yale maneno ya sanamu na malaika ambayo sisi walimu tunayo tayari ulimini, nikaendelea na darsa. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Juma lililofuata akanijia mpwa wangu kutoka Maskati. Dada yangu aliolewa na mtu ambaye jamaa zake walitoka Unguja baada ya mwaka 1964, na Sultani Qaboos aliposhika ufalme mwaka 1970 na kuwafungulia mlango watu wa asili ya Oman, wao nao walihamia huko pamoja na maelfu ya wenzao. Huyu mpwa amezaliwa huko, naye sasa ana mvi ndevuni. Alikuja na watoto wake kutazama wanyama Ngorongoro, kisha akapanda mpaka Daudi kuniamkia.

Usiku, tumeketi tunaota moto, watoto wake kila mmoja na simu yake, akaguna akaniambia, "Mjomba, watoto hawa maskini. Sisi tulikuwa na Adnan na Lina." Kisha, wallahi, mtu mzima yule akaanza kuimba wimbo wa katuni, na macho yakamlenga machozi!

Nilimtaka anieleze. Adnan wa Lina ndilo jina ambalo Waarabu waliipa katuni ya Kijapani ya mwaka 1978, yenye vipande 26, iliyoongozwa na Hayao Miyazaki, ikatiwa sauti za Kiarabu huko Kuwait. Vita vimeuteketeza ulimwengu, bahari imeimeza miji, na mtoto mmoja analelewa na babu yake peke yao kisiwani, mpaka siku anapomkuta binti ametupwa na maji ufukweni. Tena ilikuwapo Grendizer, iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1975 na kutiwa Kiarabu nchini Lebanon, ikaonyeshwa huko mwaka 1979 hali nchi ile inaungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hiyo ni habari ya mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeangamizwa. Akakimbilia ardhini, mtu mwema akamlea kama mwanawe, naye akaitetea nchi iliyompokea. Mpwa wangu aliponisimulia hayo nilinyamaza, kwani nilimfikiria bibi yake mzaa baba, aliyefika Maskati na sanduku moja na lugha ya Kiswahili.

Akaniambia jambo jingine ambalo sikulitarajia. Nyumbani kwao kilikuwa Kiswahili, na shuleni wenzao wakiwacheka kwa Kiarabu chao. Lakini katuni zile zilisema kwa Kiarabu fasaha, si cha mtaani, na watoto waliyashika maneno yake mpaka mwalimu wa nahau akastaajabu. Nilimtahini papo hapo kwa jumla mbili tatu, akanijibu na irabu zake zote. Mimi niliyapata hayo kwa bakora, yeye aliyapata huku anakula tende!

Ila sikilizeni alivyoyasimulia. Televisheni ilikuwa moja nyumba nzima, na kipindi kina saa yake baada ya alasiri; ukikikosa umekikosa. Bibi akiketi nyuma yao na kahawa yake, asiyejua Kiarabu, akiuliza, "Huyo kafa?" nao wakimfasiria kwa Kiswahili. Kikimalizika, magharibi imekaribia, wakatoka pamoja. Nikamwambia, "Mwanangu, katika yote uliyonihadithia, katuni ni robo. Robo tatu ni bibi yako." Akacheka, lakini hakukataa.

Hapo nikamgeukia binti yake wa miaka kumi na moja, nikamwuliza anatazama nini. Akanigeuzia simu. Yule yule mvulana wa nywele za nungunungu! Baba yake akadakia, "Hizi si katuni, mjomba, hizi ni kelele." Binti hakumjali. Akanieleza kwamba Naruto hana baba wala mama, kwamba watu wa kijiji chake wanamtenga kwa sababu ya balaa iliyofungiwa ndani ya mwili wake alipokuwa mchanga, asiyoijua wala kuitaka, na kwamba yeye, badala ya kuwachukia, ameapa kuwa siku moja atakuwa kiongozi wa kijiji hicho hicho, wamtazame kwa heshima. Kitambaa chenye jani ndiyo alama ya kijiji. Hadithi hiyo ilianza kuchorwa na Masashi Kishimoto mwaka 1999, na katuni yake ikatoka 2002, nchi ile ile ya Japani iliyotuletea Adnan.

Msomaji, mimi nilikuwa nimelichana daftari la yatima aliyekuwa akimchora yatima.

Na mimi ni nani? Mimi ni yule mtoto wa Tanga aliyetumwa mafuta ya taa, akazipeleka pesa kwenye sinema ya Majestic kutazama Haathi Mere Saathi, ile filamu ya Kihindi ya tembo iliyotoka mwaka 1971. Nililia tembo Ramu alipokufa. Nikarudi nyumbani sina mafuta, tukala gizani, na asubuhi Maalim wangu (Mungu amrehemu) alinichapa mpaka nikashindwa kukaa. Kuiba pesa za mama ni dhambi, na ile bakora niliistahiki. Lakini ukinitajia tembo yule leo, nina miaka zaidi ya sitini, nitatabasamu. Mpwa wangu analilia mwana wa mfalme wake na kumdharau Naruto. Mimi namlilia tembo wangu na nikamchania mtoto picha yake. Kila mmoja wetu anadhani mlango wa furaha ulifungwa nyuma yake alipotoka yeye.

Imepokewa katika Sunan za Abu Daud (jina la kata yetu halihusiki, ingawa nilitabasamu nilipoisoma tena) kwamba Mtume (S.A.W.) alirejea safarini, upepo ukafunua pazia, akaona vitoto vya bandia vya Bibi Aisha (R.A.), na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamwuliza ni nini. Akamjibu. Akauliza, farasi ana mbawa? Naye Bibi Aisha akasema, kwani hukusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Mara ngapi nimeisomesha hadithi hii kwa ajili ya hukumu yake, nikapita juu ya jambo lililo wazi: aliuliza. Aliuliza mara kadhaa, akangoja jawabu, kisha akacheka.

Usiseme kwamba nahalalisha kila kitu. Mas-ala ya kuchora viumbe wanavyuoni wameyahitilafiana, nami sina haja ya kuyamaliza katika ukurasa huu. Katika katuni hizo zimo zisizofaa mtoto kuziona, na simu haina saa ya kufunga kama ilivyokuwa televisheni ya mpwa wangu. Mtoto hulala nayo, na alfajiri humpita. Hayo nayachukia na nitaendelea kuyakataza. Lakini nitajuaje lipi la kukataza ikiwa sijaketi nikatazama? Yule bibi wa Maskati asiyejua Kiarabu alitazama kila siku na kuuliza nani amekufa.

Mpwa wangu alipoondoka nilikwenda kwa bibi wa kijana. Nilimkuta mjukuu anapasua kuni. Mbele ya bibi yake nilimwambia, "Nilikosea kulichana daftari lako. Na habari ya Naruto nimeisikia, kwamba hana wazazi." Akanitazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Baba yake alikuwa kiongozi wa kijiji, Maalim. Yeye mwenyewe alikuwa hajui."

Amerudi chuoni. Nilimnunulia daftari jipya lenye jalada gumu, nikamwambia kurasa za nyuma ni zake. Nimelifungua mara mbili kusahihisha imla. Kurasa za nyuma bado nyeupe.