Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 18: Kampuni Haina Kaburi



Leo tuzungumze jambo ambalo hatulisikii sana mimbarini: ukurugenzi wa kampuni. Usiseme "mimi si mtu wa makampuni" ukaiweka simu chini. Huenda wewe ni mweka hazina wa chama, mwanakamati wa madrasa, au mjumbe wa bodi ya shule. Amana ni ileile.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita watu wa mtaani kwetu walichanga pesa wakasajili kampuni ya kununua viwanja. Mimi nikatiwa kuwa mkurugenzi. Si kwamba najua biashara; diploma yangu ni ya ualimu. Nilitiwa kwa sababu, walivyosema wenyewe, "Akiwemo ustadh, watu watatoa." Na kweli walitoa. Vikao vyetu vilikuwa chai na mahamri, karatasi za hesabu zinazungushwa, "Ustadh, weka sahihi hapa." Naweka. Siku tulipomaliza kununua shamba la kwanza, mwenyekiti alitugawia bahasha. "Shukrani ya mwenye shamba," akasema. Nikapokea, nikaomba dua.

Baadaye ikabainika kuwa mwenye shamba ni shemeji yake mwenyekiti, na tulinunua kwa karibu mara mbili ya bei ya majirani. Mama mmoja muuza mbaazi, aliyetia akiba yake yote, alinijia baada ya Alasiri. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ustadh, si na wewe ulikuwepo?"

Nikamjibu, "Wallahi mama, sikujua."

Nilisema kweli. Lakini swali halikuniacha, na ndilo la leo: je, "sikujua" inatosha?

Tuanze na hii kampuni yenyewe. Sheria inaihesabu kuwa mtu. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, katika kesi ya mtengeneza viatu aliyeitwa Salomon, iliamua kuwa kampuni ni mtu mbali na wenye hisa wake, na madeni yake si madeni yao. Nasi Kenya tukairithi kanuni hiyo. Kampuni inamiliki ardhi, inashtaki, inashtakiwa. Lakini hebu mtazame mtu huyu. Hana macho ya kusoma hesabu wala moyo wa kuogopa. Hafungi, hasali, hatawekwa kaburini akaulizwa. Sasa dhuluma ikifanywa kwa jina lake, atakayeulizwa ni nani?

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Kinga hii si ubaya wenyewe. Hata katika mudharaba, walivyoeleza wanavyuoni, kwa kawaida mwenye mali hapotezi zaidi ya mtaji wake, na anayeifanyia kazi halipi hasara iliyokuja bila kosa lake. Ila akivuka mipaka au akizembea, hapo hasara ni yake. Kwa hivyo biashara kupata hasara si dhambi. Uzembe ndio una hesabu.

Na sheria ya nchi nayo imesogea upande huo. Kwa miaka mingi tulitumia sheria ya makampuni iliyoanza kazi 1962, iliyofuata ile ya Waingereza ya 1948. Wajibu wa mkurugenzi ulikuwa mwingi ukautafute katika hukumu za majaji. Sheria ya Makampuni ya 2015 ikaukusanya mahali pamoja, kifungu cha 142 hadi 147: asivuke mamlaka aliyopewa, kwa nia njema atafute mafanikio ya kampuni, atumie akili yake mwenyewe, asiwe muhuri wa mtu mwingine, awe na uangalifu na ujuzi, aepuke mgongano wa maslahi, asipokee kitu kwa watu wa nje kwa sababu ya cheo chake.

Nilipovisoma vifungu hivi, nimechelewa tayari, niliona kama vimeandikwa juu yangu. Kile cha 145 ndicho kilichonikosesha usingizi. Kinasema mkurugenzi apimwe kwa ujuzi na uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa nafasi yake, na kama yeye binafsi anajua zaidi, apimwe na kwa hayo anayoyajua. Yaani ujinga wangu si kipimo. Kipimo ni kile nilichopasa kujua nilipokikalia kiti.

Na dini ilishanifundisha haya, mimi ninayewasomesha wengine. Nabii Yusuf, alayhis-salaam, alipoomba kusimamia hazina za Misri alijieleza kwa sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Mimi nilikwenda na ile ya kwanza tu, nikidhani uaminifu bila ujuzi unatosha. Na ile bahasha? Tunaijua habari ya mtumishi aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili, moja la Waislamu na jingine akasema amezawadiwa yeye. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akahoji: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfuata? Nami nilipaswa kujiuliza hivyohivyo.

Kuna wanaosema dawa ni sheria kali zaidi. Naunga mkono, lakini tuone inapoishia. Sheria ya 2015 inamtaka mkurugenzi awafikirie wafanyakazi, wateja, jamii na mazingira. Vizuri. Lakini wajibu wenyewe anadaiwa na kampuni, si na hao. Mwenye hisa anaweza kuomba idhini ya mahakama ashtaki kwa niaba ya kampuni. Haya, muuza mbaazi atampata wapi wakili? Sheria hiyo ilitiwa saini Septemba 2015. Kati ya Agosti mwaka huo na Aprili 2016, Benki Kuu iliziweka benki tatu chini ya mrasimu. Zote zilikuwa na bodi. Sheria ni ukuta wa lazima, lakini haimfungulii mtu jalada akalisoma. Hilo linataka mtu anayejua kwamba atasimama peke yake siku ambayo kampuni haitakuwepo kumkinga.

Basi jibu langu ni hili: "sikujua" inatosha kwa aliyeuliza akadanganywa. Haimtoshi aliyeweza kuuliza akanyamaza kwa sababu chai ilikuwa tamu.

Sisemi haya nisifiwe. Nasema kwa kuwa baadhi yenu mlitoa pesa mkitazama kilemba changu. Ile bahasha nimeirudisha kwenye hesabu ya kampuni. Mama yule namlipa kidogo kidogo kiasi ninachoona ni fungu langu, na bado sijamaliza. Nimemwomba radhi. Alinisikiliza, akaniambia, "Tutaona, ustadh." Ana haki yake.

Kazi ya leo baada ya Tarawehe: itafute karatasi moja uliyoiwekea sahihi bila kuisoma. Isome. Usipoielewa, muulize anayejua. Ukiwa na maslahi ndani yake, watangazie wenzako. Na ukiona kiti kimekushinda, kukiachia si aibu. Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake, pamoja na ucha Mungu wake wote, alitahadharishwa asibebe uongozi kwa kuwa ni amana nzito.

Ya Allah, tusamehe sahihi zetu za uzembe, utupe ujasiri wa kuuliza, na utuwezeshe kurudisha haki za watu kabla hatujarudi Kwako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.