Mwiba Uliobaki Tairini

Kijana mmoja wa kijiji cha nje ya Dodoma alikuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli, madumu mawili nyuma, akiwahi kufika kabla jua halijawa kali. Wakati wa kiangazi mbigili hukauka na matunda yake hupasuka vipande vipande. Kila kipande kina miiba, na hata kidondoke vipi, mmoja utatazama juu. Asubuhi hiyo tairi la nyuma likapata pancha.

Vifaa alikuwa navyo: pampu, viraka, msasa, solusheni. Akatoa tyubu, akaziba tundu, akapiga upepo, akaondoka. Hakufika mbali, upepo ukaisha tena. Akailaumu solusheni. Kiraka cha pili, ambacho ndicho cha mwisho, akakibandika kwa pupa gundi ikiwa bado mbichi, kikateleza. Ikabidi asukume baiskeli juani mpaka kwa fundi.

Fundi hakuanza na tyubu. Alipitisha vidole ndani ya tairi polepole, akasita mahali, akachomoa kwa koleo ncha nyeusi iliyo fupi kuliko punje ya mchele.

"Mwanangu, umeziba tundu, kilichotoboa umekiacha humu humu."

Kisha akamwambia amalizie mzunguko mwenyewe. Kijana akapata mwiba wa pili.

Hapa ndipo wasafiri wengi wa baiskeli wanapoumia: wamebeba kila kitu, ila hawaulizi tundu limetoka wapi. Likiwa upande wa nje wa tyubu, kuna mwiba, kigae au waya kwenye tairi. Likiwa upande wa ringi, kagua spoki. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni dalili kwamba upepo ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na ringi. Ukitoa tyubu, ilaze juu ya tairi, valvu ikielekea tundu lake kwenye ringi, nawe utajua pa kutafuta. Solusheni ipakwe pana kuliko kiraka, isubiriwe hadi isinate kidoleni. Tena, ikishafunguliwa hukauka ndani ya kichupa chake, kwa hiyo iminye uione kabla ya kuondoka nyumbani.

Kijana alifika mjini karibu saa sita. Mama ntilie, mteja wake, akachemsha maziwa kidogo kuyajaribu, yakakatika mbele yao. Siku ile hakulipwa, na kwa kuwa chai ya wateja haingoji, mama alishampata muuzaji mwingine.