Mikono Ikiondoka, Utu Unabaki Wapi?



Jumapili moja nikiongoza sifa nilisema kama kawaida, "Kila mtu ainue mikono juu!" Ndipo nikamwona ndugu mmoja ambaye hana mikono yote miwili. Akainua vigutu vyake. Mimi ndiye niliyeona aibu, si yeye. Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: mikono ikiondoka, utu wa mtu unabaki wapi?

Mimi nilisomea biashara. Kule tulizoea kupima mtu kwa kile anachozalisha. Na tusidanganyane, hata kanisani tunapima hivyo. Anayetoa tunamkumbuka, anayepokea tunamwombea halafu tunamsahau.

Mfikirie Harold Russell wa Marekani. Alikuwa mwanajeshi, akifundisha wenzake kutumia baruti. Tarehe 6 Juni 1944 baruti ikamlipukia, akapoteza mikono yote miwili. Akawekewa ndoano za chuma, akajifunza upya kula, kuandika na kuvaa. Mwaka 1947 alipata tuzo mbili za Oscar kwa kuigiza katika filamu The Best Years of Our Lives. Baadaye, kuanzia 1964, akaongoza kamati ya rais iliyoshughulikia ajira za watu wenye ulemavu. Alifariki 2002. Piga hesabu: zaidi ya miaka 57 bila mikono.

Sisi tungependa kuishia kwa Oscar, tuseme "Amina, ushindi!" Lakini ndani ya filamu hiyo kuna mahali panaponigusa zaidi. Kijana anayeigizwa na Russell anamwonyesha mchumba wake vile usiku wake huwa. Anavua zile ndoano, na bila hizo mlango ukifungika hawezi kuufungua. Anataka msichana ajue ukweli wote kabla ya ndoa. Msichana hakimbii. Anamfunga vifungo vya nguo ya kulala, basi.

Petro naye, katika Yohana 13, alikataa kuoshwa miguu. Yesu hakumsifu kwa kujitegemea. Alimwonyesha kwamba asiyekubali kuoshwa hana sehemu naye. Kumbe kupokea pia ni utii, na mtu anayefungwa vifungo kila asubuhi hajapunguzwa utu hata kidogo. Utu haukuwa vidoleni. Mungu aliuweka mahali ambapo mashine wala panga haifiki.

Lakini sisi tunaosaidia tuna deni. Kwanza, uliza kabla ya kugusa: "Nikusaidie wapi?" Kile anachoweza mwachie, hata kikichukua dakika 10. Ukimfanyia kila kitu, unamnyang'anya na kile alichobaki nacho. Pili, usichoke. Mchango wa hospitali huisha kwa mwezi mmoja, lakini vifungo ni vya kila siku, miaka na miaka. Na mke au mama anayevifunga, nani humpumzisha?

Baada ya ibada ile nilimwendea yule ndugu, nikasimama tu, sijui nimsalimie vipi. Akacheka. "Pasta, watu wengi hunipita kwa sababu hawajui washike wapi. Shika bega."

Wapendwa, Jumapili hii tusimpite mtu. Shika bega. Mungu awabariki.