Tairi Lililoliwa kwa Ndani

Kijana mmoja wa Kihonda, mjini Morogoro, alikuwa na Subaru Impreza yenye kazi mbili. Katikati ya wiki ilikwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kufuata vipuri vya pikipiki vya duka la kaka yake. Jumapili ilikuwa ya mchezo. Yeye na wenzake walipanga koni kwenye kiwanja cha udongo nje ya mji, gari likaingia moja moja, na saa ikaamua nani mkali. Wakenya wanao mchezo huo kwa utaratibu rasmi, wanauita otokrosi, na umechezwa sana Jamhuri Park, Nairobi, juu ya vumbi. Marekani nako upo, ila huko mara nyingi huchezwa juu ya lami, kwenye maegesho makubwa, kwa tairi laini zinazonata.

Tofauti hiyo ya lami na vumbi kijana hakuijali. Alichukua vipimo vya lami vilevile vilivyo: kemba hasi digrii 3 mbele, na tou ya nje nusu digrii kila gurudumu. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Likilalia ndani kwa juu, ni hasi. Gari likikata kona kwa kasi bodi huinamia nje, na tairi la nje hutaka kukanyagia bega lake. Kemba hasi hulirudisha likanyage kwa upana wote. Kwenye udongo mshiko ni mdogo, bodi hainami kiasi hicho, na kemba kubwa namna ile haina kazi ya maana. Tou ni jambo jingine: magurudumu ya mbele yakitazama nje kidogo, gari huitika mara tu usukani unapoguswa.

Na liliitika kweli. Kijana alishinda, akashinda tena. Akalipandisha Uluguru kwa barabara ya Mgeta, kwenye kona za kubana na mwendo wa polepole, akaliona tamu zaidi. Ndipo alipoacha kabisa kufikiria kurudisha vipimo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nusu digrii kwenye rimu ya inchi 16 ni kama milimita 3 na nusu, jicho halioni. Lakini gurudumu lililogeuka kiasi hicho huburutwa kando karibu mita 9 katika kila kilomita. Morogoro hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 190. Maana yake tairi limeburutwa kando zaidi ya kilomita moja na nusu, na kurudi vivyo hivyo. Kwa kemba ile, karibu msuguano wote ukaangukia ukingo wa ndani. Kwa nje tairi zilionekana mpya.

Gari halikunyamaza. Kati ya Chalinze na Morogoro malori mazito yaendayo Zambia na Kongo huacha mifereji kwenye lami, na usukani ukawa unavutwa huku na huku. Kijana akasema barabara mbovu. Tairi zikaanza kuvuma. Akaongeza sauti ya redio.

Wakati wa masika, akirudi na mama yake aliyempeleka kliniki Muhimbili, tairi la mbele kushoto lilipasuka karibu na Kingolwira. Gari liliacha lami likasimama ndani ya mkonge. Mama aliteguka bega.

"Shikamoo, mzee," kijana alimwambia fundi mmoja wa Msamvu. "Hizi tairi za bei rahisi zimetaka kutuua."

"Marahaba. Pole na mama. Hebu tia mkono tairi la kulia, hilo zima. Kwa ndani."

Nyuzi za waya zikamchoma vidole.

"Muuza tairi unamsingizia, mwanangu."

Vijana wa gereji wakadakia kwamba ni kemba. Mzee akakataa, na alikuwa na haki. "Kemba inaramba," alisema, "tou inatafuna." Tou ikiwa sifuri, tairi huvumilia kemba hasi digrii moja na nusu kwa safari nyingi sana.

Alianza na bushi na boli jointi, kwa sababu kitu kikilegea, kipimo cha leo si cha kesho. Akapanga kemba hasi 1.5 pande zote mbili, tou akaiacha mwisho, maana ukigusa kemba tou nayo inahama: mbele sifuri, nyuma ndani kidogo. Kisha akapiga alama za rangi kwenye tairodi, vyuma vinavyopangia tou, ili anayetaka mchezo azungushe sawa kushoto na kulia, na arudishe kwenye alama na kukaza lokinati kabla ya kuondoka kiwanjani.

Mimi hata hizo alama nisingempa. Nusu sekunde ya Jumapili haistahili kumhatarisha abiria wa Jumatatu.

Nawe mwenye gari la kazi mbili, leo kata usukani wote, chuchumaa, upitishe kiganja upande wa ndani wa tairi za mbele. Ukigusa kingo kali kama msumeno, kapime alaimenti. Ukigusa nyuzi, gari hilo usilifikishe hata Mikese.