Kopo la Unga

Masomo: 1 Wafalme 17:8-16, Kutoka 16:16-21, Luka 6:37-38



Bwana wetu alipofundisha hakutafuta mifano mbali. Alichukua chachu, taa, wavu, shilingi iliyopotea ndani ya nyumba, akaonyesha kwa hivyo mambo ya ufalme wa Mungu. Basi nasi leo tujifunze kwa kitu kilichomo katika kila nyumba ya kambi hii ya Nyarugusu, yaani kopo. Lilikuja na maziwa ya unga au mafuta, vikaisha, likaoshwa, na sasa ndilo tunalopimia unga.

Kila mama anaijua safari ya kopo. Siku za mwisho kabla ya mgao, mfuko umekung'utwa, mtoto anatumwa kwa jirani: "Shikamoo mama. Mama anaomba umkopeshe kopo moja, atarudisha siku ya posho." Kopo linakwenda tupu, linarudi limejaa. Siku ya posho linapita tena njia ileile. Hakuna karatasi wala sahihi. Mwaka 2023 posho ilipopunguzwa, safari hizo ziliongezeka, na nyumba nyingi zililala zimekula kwa sababu ya kopo la jirani. Ndani ya jambo hilo dogo Mungu ametuwekea mafundisho matatu.

1. Kipimo chako kinasema wewe ni nani

Kuna kopo linalojazwa mpaka unga unafanya kilima juu. Kuna linalokatwa kwa kiganja likawa sawasawa. Na sokoni kuna kopo lililobonyezwa kitako kwa nyundo, ili unga uonekane umejaa kumbe ni kidogo. Torati inakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo (Kumbukumbu la Torati 25:14). Maana yake tunaifahamu: kikubwa ni cha kupokelea, kidogo ni cha kutolea.

Mara nyingi tunasoma Luka 6:38 wakati wa sadaka. Si vibaya. Lakini tuangalie mstari unaotangulia. Yesu alikuwa anasema juu ya kuhukumu na kusamehe. Hapo ndipo vipimo viwili vinapokaa kwa siri. Mtoto wa jirani akiiba mahindi, tunasema, "Ni wezi wote wa nyumba ile." Mtoto wetu akifanya hivyo, tunasema, "Ni njaa tu." Hilo ni kopo lililobonyezwa kitako, wapendwa, nalo Mungu analiona. Atatupimia kwa lile lile tulilowapimia wengine.

2. Unga unaweza kutoka katika mkono usioutarajia

Nabii Elia alikuwa mkimbizi. Alikimbia hasira ya mfalme Ahabu na mkewe Yezebeli. Kwanza alikaa kijitoni, na kijito kikakauka. Ndipo Mungu akamtuma Sarepta, mji wa Sidoni. Je, Yezebeli alitoka wapi? Alikuwa binti wa mfalme wa Wasidoni (1 Wafalme 16:31). Yaani Mungu alimpeleka nabii wake akalishwe katika nchi ya ukoo wa yule aliyetaka kumwua! Tena hakumpeleka kwa tajiri. Alimpeleka kwa mjane aliyekuwa anaokota kuni mbili ili apike mara ya mwisho, ale na mwanawe, wafe.

Ndugu zangu, tuseme ukweli. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu tuliotoka Kongo, na tangu mwaka 2015 wamekuja pia ndugu wengi kutoka Burundi. Kila mmoja alikuja na mzigo wake, na katika mizigo mingine kulikuwa na jina la kabila fulani. Wapo wanaosema, "Heri nilale njaa kuliko kupokea kitu kwa mtu wa kabila lile." Wapo pia wanaoona mtoto amesimama mlangoni na kopo, wakisikia lugha yake wanasema unga umekwisha.

Hatusemi kwamba yaliyotupata ni madogo. Wapo waliozika watu wao njiani, na wapo ambao hawakupata hata nafasi ya kuzika. Mungu hatuambii tusahau. Lakini mjane wa Sarepta hakuwa Yezebeli. Alikuwa wa nchi yake tu. Kama Elia angekataa unga wa mwanamke yule kwa sababu ya dhambi ya malkia, angekufa kwa njaa mlangoni pa muujiza. Yesu alipowakumbusha watu wa Nazareti habari ya mjane huyu, walikasirika, wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima (Luka 4:25-29). Neno hili lilikuwa gumu kwao. Hata kwetu ni gumu. Lakini ni Neno la Mungu.

3. Mungu hujaza kopo la leo

Tusome vizuri habari ile. Biblia haisemi kwamba pipa la unga lilijaa. Inasema halikupungua. Kila asubuhi mjane yule aliinama, akakwangua chini, akapata unga wa siku ile. Kesho yake aliinama tena. Hakupewa ghala.

Ndivyo ilivyokuwa jangwani pia. Kila kichwa kilipimiwa pishi moja ya mana. Waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta ina wadudu na inanuka. Na Mtume Paulo anatumia habari hiyo kufundisha kwamba kilichozidi kwa mmoja leo kijaze upungufu wa mwenzake, ili kesho naye ajaziwe (2 Wakorintho 8:13-15).

Wengi wetu tunangoja. Mmoja anangoja amani ili arudi nyumbani, mwingine anangoja jina lake lisomwe apelekwe nchi ya tatu. Kungoja si dhambi. Lakini kuna mtu amengoja miaka mingi mpaka hamfundishi mtoto wake kusali, hapandi hata mchicha nyuma ya nyumba, hasalimiani na jirani, akisema, "Maisha yangu yataanza nikifika huko." Ndugu, maisha yako yapo leo. Mungu wa kesho ndiye aliyejaza kopo lako asubuhi hii.

Wapendwa, tufanye nini basi?

Wewe uliyekopa, rudisha, wala usirudishe pungufu. Mungu akikupa nafasi, rudisha na kilima.

Wewe uliyekopesha, usitangaze bombani kwamba fulani anaishi kwa unga wako. Umempa unga, usimnyang'anye heshima yake.

Tena tuwakumbuke wasiotuma mtoto: mzee anayeishi peke yake, mjane mwenye haya, baba aliyezoea kulisha watu kwao na sasa hana kitu. Sufuria iko jikoni, ndani ni maji matupu. Hao msingoje waombe. Mashemasi na mama wa kanisa, tunawaomba mpite nyumba kwa nyumba siku tatu kabla ya mgao. Kila nyumba yenye uwezo itenge kopo moja, hata nusu. Na tusiulize kwanza, "Ni wa dhehebu gani? Ni wa kabila gani?"

Tuombe:

Baba yetu wa mbinguni, asante kwa unga tuliokula na kwa mkono ulioutoa. Utusamehe vipimo vyetu viwili. Ponya majeraha ya vita ndani ya mioyo yetu, ili tuweze kupokea na kutoa bila chuki. Uwakumbuke wanaolala njaa usiku huu, na utuonyeshe mlango wao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.